UZI: Baruti na fataki zinalala wapi usiku? Kwa sisi tunaojaza risasi wenyewe huku Marekani

Mwindaji wa Houston

Wakuu, salaam.

Waswahili tunaowinda na kulenga shabaha huku Marekani tunazidi kuongezeka, na wengi tumeanza kujaza risasi wenyewe badala ya kununua boksi dukani. Kwenye makundi yetu ya simu maswali ni mashine gani, bei gani, kichwa cha uzito gani. Nisichokiona kikiulizwa ni hiki: ukishafunga kazi jioni, ile baruti na zile fataki unaziweka wapi? Baadhi ya picha ambazo watu wanatuma zinanitia hofu ya kweli, ndiyo maana nimefungua uzi huu. Vipimo vya kujaza sitavigusa. Hivyo viko kwenye vitabu vya watengenezaji, na kila mtu afuate kitabu chake. Hapa ni kuhifadhi tu.

Kwa mgeni wa mambo haya: risasi nzima ina vitu vinne. Kuna ganda, mara nyingi la shaba nyeupe. Kuna kichwa kinachotoka. Kuna baruti ndani. Halafu kuna fataki, kale kakofia kwenye kitako cha ganda kanakogongwa na pini ya bunduki. Ukishapiga, ganda linabaki. Anayejaza analisafisha, analirudisha kwenye umbo lake, anaweka fataki mpya, baruti na kichwa. Sheria ya shirikisho haidai leseni kwa mtu anayejaza kwa matumizi yake mwenyewe. Ukianza kuuza, hapo ndipo leseni ya utengenezaji inapohitajika.

Sasa, ganda na kichwa havina ubaya ukiacha suala la madini ya risasi (lead), nitalirudia. Wenye tabia ni baruti na fataki, na tabia zao hazifanani.

Baruti tunayotumia, isiyo na moshi, ni nitroselulosi. Aina nyingine zimeongezewa nitrogliserini. Ikiwa wazi, ukaiwasha, inawaka kwa moto mkali na wa haraka, lakini inawaka tu. Ikibanwa mahali ambapo gesi haina pa kutokea, presha inapanda, na presha ikipanda baruti inazidi kuwaka kasi, nayo presha inapanda tena. Hiyo ndiyo kazi iliyotengenezewa ndani ya bunduki. Kwa hiyo lile boksi la chuma la jeshi lenye kifuniko cha raba, ambalo watu wanalipenda kwa sababu halipitishi unyevu, ukilijaza makopo ya baruti na nyumba ikashika moto, umetengeneza sufuria ya presha iliyozibwa kitundu chake. Vivyo hivyo sefu ya bunduki. Risasi zilizokwisha jazwa ziwekwe humo, hakuna shida. Baruti ya makopo hapana.

Makopo yenyewe yametengenezwa makusudi yawe dhaifu, yafunguke mapema moto ukiyafikia. Ndiyo sababu watengenezaji wote wanasisitiza: baruti ibaki kwenye kopo lake la asili. Usihamishie kwenye chupa ya kioo, kopo la kahawa, wala kopo tupu la baruti ya aina nyingine. Hili la mwisho limeharibu bunduki za watu, kwa sababu punje za aina mbili zinaweza kufanana kabisa machoni huku kasi zao zikiwa mbali mbali. Ukishamaliza kujaza, baruti iliyobaki kwenye kipimio irudishe kopolini siku hiyohiyo. Ile yenye nitrogliserini ikikaa humo inaanza kuila plastiki ya kipimio, na baada ya siku chache hutakumbuka ilikuwa ya aina gani. Mezani liwepo kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja.

Fataki ni jambo jingine. Fataki hailazimiki kubanwa ili ilipuke. Ikigongwa, ikipata cheche, ikipata joto kali, inalipuka. Moja peke yake ni kidogo sana, inaweza kukuumiza jicho. Mia moja zikiwa zimemwagwa pamoja ndani ya chupa, moja ikalipuka, zote zinakwenda kwa pamoja, na chupa inageuka vipande. Angalia kiwandani wanavyozipanga: kila fataki kwenye kishimo chake, ikiwa imetenganishwa na mwenzake, trei inaingia kwenye ala ya karatasi. Hayo si mapambo. Zitoe kwenye trei zile tu unazotumia sasa hivi, nyingine zibaki huko.

Na viwili hivi visikae pamoja. Kabati la baruti huku, la fataki kule.

Kuhusu kiasi, kanuni ambayo ofisi nyingi za zimamoto zinaifuata ni NFPA 495, ya chama cha Marekani cha kujikinga na moto. Kwa nyumba ya kuishi, baruti isiyo na moshi hadi paundi 20, kama kilo 9, iwe kwenye makopo yake ya asili. Ukizidi 20 hadi 50 lazima iwe ndani ya sanduku au kabati la mbao lenye kuta za unene usiopungua inchi 1. Fataki zisizidi 10,000. Mji wako unaweza kuwa na masharti makali zaidi, kwa hiyo piga simu uliza. Lakini wakuu, hicho ni kikomo tu, hakuna anayekulazimisha ukifikie. Paundi moja ya baruti inatoa risasi za .308, saizi ya kawaida ya kuwindia, mia na nusu hivi. Mtu anayewinda paa na nguruwe mwitu msimu kwa msimu, paundi 20 za nini? Tunanunua kwa hofu kwamba zitaadimika tena kama mwaka 2020 na 2021, tunajikuta tumelala juu ya shehena.

Karibuni tuchangie.

Kitukuu wa Songea

Mkuu heshima yako. Mimi niko Dar, nina bunduki ya leseni na nimesoma kwa hamu. Je, huku nyumbani mtu anaweza kujijazia? Na samahani kama nitaonekana natoka nje ya mada, lakini sisi tuliokuwepo wakati wa milipuko ya Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011, tukisikia mtu anaweka baruti ndani ya nyumba yenye watoto, mwili unasisimka.

Mwindaji wa Houston

Hujatoka nje ya mada kabisa, mkuu. La kwanza: hapana. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa kubwa. Kenya nako Sheria ya Silaha, sura ya 114, haikuachii ujitengenezee chumbani. Anayesoma uzi huu akiwa nyumbani ausome kwa maarifa tu, asijaribu.

La pili: yale yalikuwa maghala ya jeshi, yenye mabomu na makombora yaliyotengenezwa ili yalipuke. Baruti ya kopo la paundi moja haiko daraja hilo. Lakini mazishi yale yanapaswa kutukumbusha jambo moja hata sisi wa kopo moja, kwamba ukubwa wa janga unaamuliwa na wingi uliorundikwa mahali pamoja na watu wanaoishi karibu. Ndiyo maana nasema usirundike.

Seremala wa Minnesota

Uzi mzuri. Nina swali halafu nina mchango.

Swali: hapo kwenye sefu sijaridhika. Sefu yangu mimi imeandikwa inahimili moto kwa saa nzima. Na nina vijana wawili ndani ya nyumba, mmoja wa miaka kumi na minne anayetaka kujua kila kitu. Ukiniambia nitoe baruti kwenye chuma niweke kwenye mbao, si ndiyo nimemrahisishia?

Mwindaji wa Houston

Swali hili ndilo moyo wa uzi wote, ngoja nilijibu taratibu.

Sefu "inahimili moto" maana yake karatasi zako hazitaungua kwa muda huo. Joto la ndani bado linapanda, polepole. Nitroselulosi inajiwasha yenyewe ikifika kama nyuzi 170 za Selsiasi, chini kabisa ya joto ambalo karatasi inahitaji. Kwa hiyo sefu inaweza kulinda hati zako za nyumba na bado baruti ikawaka ndani yake, imefungwa kwa komeo za chuma pande zote, wakati zimamoto wako sebuleni. Hao ndio wa kuwafikiria.

Kuzuia mkono wa mtoto na kuzuia gesi ni kazi mbili tofauti. Kufuli linazuia mkono. Raba na chuma kinene vinazuia gesi. Unachotaka ni kufuli bila kuziba. Kabati la mbao lenye kufuli zuri linamzuia kijana wako sawasawa na sefu, isipokuwa aje na mtaimbo, na kijana anayekuja na mtaimbo ana tatizo ambalo kabati halitalitatua. Moto ukija, mbao nene inachelewesha joto vizuri kuliko bati jembamba, na presha ikianza kupanda mlango unaachia mapema kabla haijawa kubwa. Ndiyo sababu kanuni zinataja mbao.

Na funguo, mkuu, usitundike kwenye msumari nyuma ya mlango wa gereji. Vijana wote wanajua msumari huo.

Seremala wa Minnesota

Hapo umenielewesha. Sasa mchango wangu, maana mbao ni kazi yangu.

Huku ukinunua ubao ulioandikwa inchi 1, ukipima ni robo tatu ya inchi, kama milimita 19. Ndio huo huo unaoitwa inchi moja kwenye kanuni, usihangaike. Mimi nimetengeneza kabati la baruti la plaiwudi ya unene huo, nikaunganisha kwa gundi na skrubu, lakini mgongo wake nimeupigilia kwa misumari midogo tu, bila gundi. Kama kuna kitu cha kuachia, kiachie mgongo, nao unatazama ukuta wa nje. Mlango una bawaba mbili, komeo na kufuli la kawaida. Sikuweka mpira wa kuziba pembeni. Rafu ziko mbili tu na chini kabisa limekaa sakafuni, kwa sababu kabati la juu likianguka na makopo ni balaa. Liko upande wa pili wa chumba, mbali na ngazi. Mtu asilazimike kupita mbele ya baruti ili atoke nje.

Mbele nimeandika kwa rangi: BARUTI, WEKA MBALI NA MOTO. Kuna jamaa aliniambia maandishi yanamwalika mwizi. Mimi namfikiria zimamoto anayeingia gizani na moshi.

Mama wa Wawili, Ohio

Habari zenu kaka zangu. Mimi sijazi risasi, mume wangu ndiye anayejaza, kule besimenti. Nimesoma uzi huu nikashuka ngazi kwenda kuangalia. Meza yake iko hatua chache kutoka kwenye tanuru la kupashia nyumba joto na hita ya maji ya gesi. Makopo yako kwenye rafu ya wazi juu ya meza. Mashine ya kufulia nguo iko hapohapo, na mtoto wangu mdogo hupenda kucheza chini ile sehemu kwa sababu ya zulia. Naomba mniambie kwa heshima lipi ni la haraka zaidi, maana nikimwendea na orodha ndefu tutagombana.

Mwindaji wa Houston

Dada yangu, asante sana kwa kushuka ngazi. La leo hii ni makopo na fataki kuondoka karibu na hita na tanuru. Hita ya gesi ina moto wake mdogo au cheche ya kuwashia, na mota za umeme nazo hutoa cheche. Yahamie upande wa mbali kabisa wa besimenti, yafungiwe kwa kufuli. Kwa usiku wa leo hata kabati la kawaida la nguo lenye kufuli linafaa kuliko rafu ya wazi. La kesho ni zulia. Fataki ikidondoka kwenye zulia haionekani, na zulia linazalisha umeme tuli, ule unaokuchoma kidole wakati wa baridi ukigusa kitasa. Meza ikae juu ya sakafu tupu.

Kuhusu mashine ya kufyonza vumbi: tafadhali usiipitishe chini ya ile meza. Baruti iliyomwagika na fataki iliyopotea zikiingia kwenye injini yenye cheche na feni inayozunguka, zinawakia humohumo. Zifagiliwe kwa ufagio laini na kizoleo, fataki ziokotwe moja moja. Wengi hawalijui hili na ni wake zetu wanaofanya usafi.

Kuhusu madini ya risasi nimuachie mwenye taaluma, tunaye humu.

Muuguzi wa Dallas

Nipo. Dada, mtoto mdogo kucheza pale ndiyo inayonigusa kuliko zote.

Fataki nyingi zina kemikali yenye madini ya risasi. Risasi ikipigwa, masalia yanabaki ndani ya ganda. Mume wako anapoyasafisha maganda kwenye ile mashine ya kutikisa yenye pumba za mahindi, vumbi la madini ya risasi ndilo linaloruka akifungua kifuniko na akichekecha. Vumbi hilo linatua kwenye zulia, kwenye nguo, kwenye mashine ya kufulia. Mtoto anatambaa, anatia mkono mdomoni. Mwili wa mtoto unafyonza madini haya kuliko wa mtu mzima na yanaathiri ubongo unaokua. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, tangu mwaka 2021 wanatumia mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu kama kiwango cha kuanza kufuatilia mtoto, nacho ni kidogo mno, hakionyeshi dalili yoyote kwa macho.

Kwa hiyo: mwambie daktari wa mtoto kwamba baba anajaza risasi nyumbani, omba kipimo cha damu. Ni kipimo cha kawaida. Mashine ya kutikisa itoke nje ya nyumba, au abadilishe atumie njia ya kuosha kwa maji ambapo vumbi haliruki, na maji yale yasimwagwe kwenye sinki la jikoni. Baada ya kazi anawe mikono na uso kabla ya kumgusa mtoto, kuna sabuni maalumu zinazoondoa madini mazito kuliko sabuni ya kawaida. Asile wala kuvuta sigara mezani. Shati la kazi lisifuliwe pamoja na nguo za mtoto.

Na yeye mwenyewe apime.

Mama wa Wawili, Ohio

Nimewaelewa. Nimemsomea majibu yenu kwa sauti wakati anakula. Hakugomba. Makopo yameshahama.

Kijana wa Minneapolis

Wakuu na mimi niko ghorofani, apatimenti ya chumba kimoja. Nina mashine ndogo ya mkono. Kabati la mbao naweza kununua. Niko salama?

Mwindaji wa Houston

Mdogo wangu, kanuni ya moto inayofuatwa katika majimbo mengi, International Fire Code, inapozungumzia kuweka baruti na fataki nyumbani inataja nyumba za familia moja au mbili. Jengo la vyumba vingi halimo. Halafu kuna mkataba wako wa kupanga, soma kipengele cha vitu vinavyowaka, na bima yako ya mpangaji. Moto ukitokea, hata kama umeanzia kwa jirani aliyesahau mafuta jikoni, ukikutwa na baruti isiyoruhusiwa kampuni ya bima itakuuliza wewe.

Ushauri wangu usiweke humo kabisa. Maganda yako, vichwa na mashine vikae kwako. Baruti na fataki ongea na rafiki mwenye nyumba yake, nenda ukajazie kwake mwisho wa wiki. Kuna watoto wa watu juu yako na chini yako.

Mzee wa Reading, Uingereza

Salaam vijana. Huku kwetu mambo ni tofauti kidogo, niwape faida.

Kununua fataki lazima uonyeshe cheti chako cha silaha, hii ni tangu sheria ya mwaka 2006. Baruti isiyo na moshi tunaweka nyumbani bila taabu kubwa, lakini baruti nyeusi, ile ya zamani ya bunduki za kuwashia, inahitaji kibali chake, na inahifadhiwa kwenye sanduku la mbao lililogawanywa vyumba, kila chumba kisizidi gramu 550. Ukilitazama hilo sanduku utadhani ni la kuhifadhia chupa. Kila chumba kina ukuta wake ili kimoja kikilipuka kisiwabebe wengine.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona humu watu wanataja "baruti" kana kwamba ni moja. Nyeusi si ya kuwaka tu. Nyeusi ni kilipukaji hata bila kubanwa sana, na cheche ndogo inaitosha. Mwenye nazo zote mbili asizichanganye kabati.

Mwindaji wa Houston

Shikamoo mzee wangu, asante kwa kusahihisha mapema. Yote niliyoandika juu ni ya baruti isiyo na moshi.

Niongeze na hili la joto, kwa sababu huku Texas gereji mwezi wa Agosti ni tanuri, na gari lililofungwa juani linapita nyuzi 50. Baruti inaoza. Nitroselulosi inajivunja polepole na kutoa gesi yenye asidi, na asidi hiyo inaharakisha kuvunjika zaidi. Kiwandani wanaweka kiimarishi, mara nyingi difenilamini, kinachoinyonya asidi hiyo. Joto linakimaliza mapema. Kikiisha, baruti inajipasha joto yenyewe, na ikiwa nyingi mahali pamoja inaweza kujiwasha bila mtu kuigusa. Wafaransa waliijua baruti hii kabla ya wengine, Paul Vieille aliigundua mwaka 1884, na wao ndio walioilipia: manowari yao Iéna ililipuka bandarini Toulon Machi 1907, na Liberté ikafuata bandari hiyohiyo Septemba 1911. Mamia ya mabaharia walikufa, na lawama iliangukia baruti iliyooza kwenye maghala ya meli.

Baruti nzima ukifungua kopo ina harufu ya kutengenezea rangi, kama spiriti. Iliyooza inanuka ukali wa asidi unaochoma pua, inaweza kuwa na vumbi jekundu kama kutu, na kopo la bati linaliwa kutoka ndani. Ukiona hivyo usilirudishe ndani ya nyumba. Litoe nje mbali na jengo, kivulini, piga simu zimamoto namba isiyo ya dharura uwaulize wanalichukuaje. Usimwage chooni, usitupe kwenye pipa la taka. Fataki nazo usidhani ukizilowesha zimekufa: zikikauka zinaweza kulipuka kama kawaida.

Kwa hiyo chumba cha ndani chenye kiyoyozi, kabati la mbao, mbali na dirisha la jua. Darini kamwe, na buti la gari kamwe.

Mtoto wa Pangani

Naomba kuuliza la moto wenyewe. Nyumba ikiwaka, zile risasi nzima nilizojaza hazitapiga watu?

Mwindaji wa Houston

Risasi iliyo nje ya bunduki haina mtutu wa kuibana, kwa hiyo ganda linapasuka na kichwa kinaruka kwa nguvu ndogo. Vazi na kofia ya zimamoto vinatosha kuwakinga. Hatari ni bunduki iliyoachwa na risasi chemba, hiyo joto likifika inapiga kweli. Bunduki zote ziwe tupu.

Moto ukifika kwenye baruti usijaribu kupambana nao kwa mtungi wa kuzimia moto. Baruti ina oksijeni yake ndani, kuifunika kwa poda hakuizimi. Toa watu nje, piga 911, na neno la kwanza baada ya anwani liwe: kuna baruti, kiasi hiki, chumba fulani. Familia nzima ijue kulisema hilo kwa Kiingereza, hata bibi aliyekuja kutembea.

Kijana wa Minneapolis

Kaka swali la mwisho kutoka kwangu. Nakwenda Arusha Desemba, mjomba ananiomba nimbebee boksi mbili za fataki. Ni ndogo, zinaingia kwenye soksi.

Mwindaji wa Houston

Usithubutu. TSA, wale wakaguzi wa usalama wa viwanja vya ndege vya Marekani, inakataza baruti na fataki kwenye ndege, ziwe mkononi au kwenye mzigo wa chini. Risasi nzima zinaruhusiwa kwenye mzigo kwa masharti, fataki peke yake haziruhusiwi kabisa. Huko unakotua utakutwa na kosa la pili chini ya sheria niliyoitaja juu, na mjomba atakuwa wa kwanza kusema hakujui.

Shemeji wa Tulsa

Samahani nachelewa kujiunga. Baba mkwe, Mmarekani, amefariki mwezi uliopita. Alikuwa akijaza risasi tangu ujana wake. Mama mkwe anataka banda lisafishwe na ametuambia tuchukue tunachotaka. Kuna makopo mengi ya baruti, mengine ya bati yenye kutu, na mawili hayana karatasi. Kuna chupa ya jamu imejaa fataki. Mume wangu anataka kupakia kila kitu kwenye gari Jumamosi tuje navyo.

Mwindaji wa Houston

Pole sana kwa msiba, shemeji. Mwambie mumeo asipakie chochote kwanza. Ile chupa ya jamu isisogezwe, isifunguliwe, isitikiswe. Makopo yenye kutu na yasiyo na jina yasifunguliwe hata kwa kunusa. Funga banda, ondoeni watoto, pigeni simu zimamoto wa pale mjini kwa namba isiyo ya dharura, waelezeni kama ulivyotueleza sisi. Hawatawashtaki kwa kuuliza. Wataamua kama wanakuja wenyewe au wanaita kikosi cha mabomu.

Makopo mapya yenye karatasi na vifuniko vizima yanaweza kukaa. Mwenye kujaza anayejulikana na familia aje ayatazame.

Shemeji wa Tulsa

Mrejesho. Walikuja Ijumaa asubuhi watu wawili. Chupa ya jamu waliitoa wenyewe, wakatuomba tusimame upande wa pili wa barabara. Makopo yasiyo na jina na yale yenye kutu wameyachukua. Mama mkwe alikuwa na wasiwasi watamtoza, hawakumtoza kitu. Zilizobaki ni paundi nne na trei za fataki zikiwa kwenye ala zake. Mume wangu hajui kujaza na hana mpango, kwa hiyo rafiki wa marehemu wa klabu ya shabaha amezichukua.

Mkubwa wa wale wawili alimuuliza mama mkwe kama marehemu aliacha karatasi yoyote inayosema nini kiko wapi. Hakuacha.

Seremala wa Minnesota

Nimesoma hili nikaenda kuandika yangu. Ukurasa mmoja: aina ya baruti, paundi ngapi, fataki ngapi, ziko kabati lipi, funguo ziko wapi, na simu ya jamaa yangu wa klabu atakayekuja kuzichukua. Nimeiweka kwenye faili la bima, na mke wangu ameisoma nikiwepo.